Mafunzo ya uzamili ya watibabu wa sonona na wasiwasi nchini Uingereza

MGONJWA aliyeketi kitini si mgonjwa. Ni mwigizaji aliyekodiwa na chuo kikuu ajifanye mtu ambaye kwa miezi minne usingizi umemtoroka, kazini haendi tena na simu za dadake hazijibu. Mbele yake yupo mwanafunzi wa uzamili, na pembeni kamera inanasa kila neno.

Mwanafunzi huyo ana takriban dakika 45 kubaini tatizo ni lipi, lilianza lini, huzuka wapi na mbele ya nani, na limeathiri vipi mwili, fikra na mienendo ya anayeugua. Sharti pia aulize, waziwazi na bila kuzungukazunguka, iwapo mtu huyo amewaza kujitoa uhai, kama ana mpango, kama ana njia ya kuutimiza na ni nini kilichomzuia hadi sasa. Hata akiyafanya mengine yote kwa ustadi, akilikosa hilo amefeli.

Hivyo ndivyo wanavyotahiniwa wahudumu wanaosomea kutibu maradhi ya akili ya kawaida nchini Uingereza, katika mafunzo ya uzamili ya mwaka mmoja yaliyoanza mwaka wa 2008. Mafunzo yenyewe ni ya England pekee. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Katika lugha ya tiba, maradhi ya kawaida hayana maana ya maradhi mepesi. Ni yale yanayowapata watu wengi: sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka ambayo wengi humu nchini huiita msongo wa mawazo, wasiwasi usiokoma, hofu inayompiga mtu kwa ghafla hadi akadhani moyo wake unasimama, woga wa kujumuika na wenzake, mazoea ya kurudiarudia jambo, kama vile kunawa mikono mara hamsini kwa siku, na majeraha ya moyoni yanayobaki baada ya mkasa. Maradhi mazito kama skizofrenia hayamo katika kundi hili, na hushughulikiwa na madaktari bingwa.

Chimbuko la mafunzo haya ni la ajabu kidogo, kwani aliyeyapigania kuliko wengi hakuwa tabibu bali mwanauchumi. Richard Layard, profesa wa London School of Economics na mjumbe wa Bunge la Malord, alikutana na mwanasaikolojia David Clark mwaka wa 2003 katika hafla ya British Academy, wakati wa chai. Layard alikuwa akichunguza kwa nini utajiri wa taifa ulipanda ilhali furaha ya watu haikupanda nao. Clark, kwa upande wake, alikuwa ametumia miaka mingi akitafiti tiba ya wasiwasi.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka hata na waziri wa fedha. Katika ripoti iliyotolewa Juni 2006, Layard na wenzake walisema Waingereza wapatao milioni moja walikuwa wakipokea ruzuku ya ulemavu kwa sababu ya maradhi ya akili, idadi iliyozidi ya wote waliokuwa wakilipwa ruzuku ya ukosefu wa kazi. Kila mmoja wao aligharimu serikali pauni 750 kwa mwezi, ukijumlisha ruzuku na kodi iliyopotea. Gharama ya kumtibu mtu mmoja hadi mwisho ilikadiriwa kuwa pauni 750 vilevile. Kwa hivyo mgonjwa akirejea kazini kwa mwezi mmoja tu, deni limelipika.

Tiba yenyewe haikuwa ngeni. Tiba ya fikra na mienendo, iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Aaron Beck mjini Philadelphia katika miaka ya 1960, humsaidia mgonjwa kutambua mawazo yanayomwangusha, kuyapima kwa ushahidi, na kubadili matendo yanayoyalisha. NICE, taasisi inayotoa mwongozo wa tiba nchini humo, ilikuwa imeanza kuipendekeza kwa sonona na wasiwasi mwaka wa 2004. Kilichokosekana ni watu wa kuitoa. Wagonjwa wengi waliishia kupewa tembe na daktari wa familia, au waliwekwa katika orodha ya kungojea kwa miezi na hata zaidi ya mwaka.

Mwaka wa 2006 serikali iliteua maeneo mawili ya majaribio. Doncaster, mji wa kaskazini uliokuwa na migodi ya makaa ya mawe, ulitumia zaidi wahudumu wenye mafunzo mafupi waliowaongoza wagonjwa kwa simu na kwa vitabu vya mazoezi. Newham, mtaa wa mashariki mwa London wenye watu wa asili nyingi, ulitegemea zaidi watibabu waliosomea tiba kamili, na ukaruhusu wakazi wajilete wenyewe bila barua ya daktari.

Jambo hilo la mwisho lilileta funzo ambalo halikutarajiwa. Waliojileta hawakuwa wagonjwa wa kujidekeza kama ilivyohofiwa. Hali zao zilikuwa mbaya sawa na za walioletwa na madaktari, na miongoni mwao walikuwemo watu wengi zaidi wa jamii za wachache ambazo huduma hizo hazikuwa zikizifikia. Katika maeneo yote mawili, zaidi ya nusu ya waliohudhuria angalau vikao viwili walipona.

Oktoba 2007, serikali ilitangaza kuwa mpango huo, uliojulikana kwa kifupi kama IAPT, ungeenezwa kote England kuanzia 2008, na kwamba watibabu wapya 3,600 wangefunzwa katika miaka mitatu. Tangu Januari 2023 huduma hiyo imebadilishwa jina na kuwa NHS Talking Therapies.

Watibabu 3,600 hawachumwi mitini. Kumwandaa mwanasaikolojia wa tiba huchukua miaka mitatu ya uzamifu juu ya shahada ya kwanza, na daktari bingwa wa maradhi ya akili huchukua mingi zaidi. Waliobuni mpango waliamua kugawa kazi kwa ngazi mbili, na kila ngazi wakaiandikia mtaala wa kitaifa ambao vyuo vyote vilipaswa kuufuata.

Ngazi ya juu ni ya watibabu wa tiba kamili ya fikra na mienendo. Hawa husomea diploma ya uzamili kwa mwaka mmoja, siku mbili chuoni na tatu kliniki kila wiki. Wengi hujiunga wakiwa tayari ni wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii au washauri nasaha. Asiye na taaluma kama hizo huwasilisha jalada la ushahidi kwamba ana ujuzi unaolingana nazo. Vikao vyao na wagonjwa hurekodiwa, kisha msimamizi huvisikiliza na kuvipa alama kwa kipimo chenye vipengele 12, kila kimoja alama 0 hadi 6. Anayepata chini ya 36 kati ya 72 hajahitimu kikao hicho.

Ngazi ya chini ndiyo iliyokuwa mpya kabisa, na ndiyo iliyozua mabishano makubwa. Wanaoijaza huitwa wahudumu wa ustawi wa kisaikolojia. Wengi ni vijana waliomaliza shahada ya saikolojia, ingawa mlango haukufungwa kwa mtu mzima asiye na shahada mradi athibitishe kwamba anaweza masomo ya kiwango hicho. Kozi yao ina siku 45 za masomo, ambapo 25 ni za darasani na 20 za mazoezi yanayoongozwa, na siku zinazobaki katika mwaka huwa wako kliniki wakiwahudumia watu halisi. Wakihitimu hutunukiwa cheti cha uzamili.

Wakati wote huo mwanafunzi ni mwajiriwa. Hulipwa mshahara na huduma ya afya ya taifa, na karo hailipi yeye. Hapana shaka hiyo ndiyo sababu mojawapo ya nafasi hizo kugombaniwa.

Kinachofunzwa si nadharia kuu za saikolojia. Mhudumu huyu hafanyi tiba ya muda mrefu. Yeye ni kama mkufunzi wa michezo ambaye hakimbii badala ya mwanariadha. Humpa mgonjwa mbinu chache zilizothibitishwa, kisha humfuata kwa vikao vya dakika kama 30, ana kwa ana au kwa simu, kwa kawaida vikao sita hivi.

Chukua mfano wa mtu mwenye sonona. Ugonjwa huu humfanya aache shughuli. Kadiri anavyoziacha ndivyo anavyozidi kunyong'onyea, na kadiri anavyonyong'onyea ndivyo anavyozidi kuziacha. Mwanafunzi hufunzwa kumwandikisha mgonjwa shughuli zake katika mafungu matatu: za mazoea, kama kuoga na kupika, za lazima, kama kulipa kodi ya nyumba, na za kupendeza, kama kumtembelea rafiki. Kisha wanachanganya chache za kila fungu na kuzipangia siku na saa. Mgonjwa hasubiri moyo upende ndipo atende. Anatenda kwanza, na moyo unafuata polepole.

Kwa mwenye woga wa kitu mahususi, tuseme kupanda basi, hutumika ngazi ya kuikabili hofu. Mazoezi yawe na madaraja, kuanzia lililo jepesi. Yadumu hadi hofu ishuke angalau kwa nusu. Yarudiwe mara nyingi. Na yafanywe bila kujisahaulisha kwa redio au kwa kumshika mtu mkono. Mwanafunzi anayemruhusu mgonjwa kushuka basi hofu ingali kileleni amemfunza kwamba kukimbia ndiyo dawa.

Kwa anayesumbuliwa na mawazo yasiyokwisha, mbinu ni kuyapambanua: lipi ni tatizo linaloweza kutatuliwa leo, na lipi ni la "je, ikiwa". La kwanza hupangiwa hatua. La pili huandikwa na kuahirishwa hadi saa maalumu ya jioni iliyotengewa wasiwasi. Wapo wanaocheka wanaposikia kwamba wasiwasi hutengewa saa, lakini wagonjwa wengi hukuta kwamba ifikapo saa hiyo nusu ya waliyoyaandika yamekwisha nguvu.

Katika kila kikao, bila kukosa, mgonjwa hujaza hojaji mbili fupi. Ya kwanza ina maswali tisa kuhusu sonona na alama zake hufika 27; ya pili ina maswali saba kuhusu wasiwasi na hufika 21. Anayepata 10 au zaidi katika ya kwanza, au 8 na zaidi katika ya pili, huhesabiwa kuwa mgonjwa. Akishuka chini ya viwango vyote viwili mwishoni mwa tiba, huhesabiwa amepona. Swali la tisa la hojaji ya kwanza linahusu mawazo ya kwamba ni heri kufa au kujidhuru, na mwanafunzi hafundishwi kulipitia tu kwa jicho. Likijibiwa ndiyo, kikao hugeuka hapo hapo.

Ngao ya mpango mzima ni usimamizi. Kila wiki, kwa saa moja, mwanafunzi hukaa na msimamizi wake na kupitia orodha ya wagonjwa: wapya wote, wenye hatari, wale ambao alama zao hazishuki na waliokaa muda bila kupitiwa. Juu ya hayo kuna usimamizi mwingine wa kunoa ustadi. Mgonjwa asiyepata nafuu hupandishwa ngazi ya juu. Mtu mwenye mafunzo ya mwaka mmoja anaweza kukabidhiwa kazi hii kwa sababu hiyo tu: hayuko peke yake. Ukiuondoa usimamizi, kinachobaki ni kijana mwenye kijitabu.

Wapinzani hawakukosekana. Wataalamu wa tiba za kina walilalamika kwamba maumivu ya binadamu yamegeuzwa alama za hojaji, na kwamba mgonjwa aliyefiwa na mumewe au anayefukuzwa nyumbani kwa kushindwa kulipa kodi haponyeshwi kwa ratiba ya shughuli. Wengine walitilia shaka nia ya serikali ya kuwarudisha wagonjwa kazini. Kwa kiasi fulani malalamiko hayo yalizaa matunda, kwani baadaye mafunzo ya tiba nyinginezo, yakiwemo ya ushauri nasaha kwa sonona na tiba ya wanandoa, yaliongezwa katika ngazi ya juu.

Takwimu nazo zimekuwa uwanja wa vita. Lengo lilikuwa nusu ya wanaomaliza tiba wapone. Ilichukua karibu mwongo mzima kulifikia. Katika mwaka wa 2017-2018 kiwango kilikuwa asilimia 50.8. Hata hivyo, "kumaliza tiba" kuna maana ya kuhudhuria vikao viwili au zaidi. Aliyekuja mara moja akatoweka haingii katika hesabu, na watu hao si haba. Watetezi nao hujibu kwamba hakuna huduma nyingine ya afya ya akili ya ukubwa huo, inayopokea zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, ambayo humpima karibu kila mgonjwa kila anapohudhuria na kuanika matokeo hadharani, mazuri na mabaya. Jibu hilo lina uzito. Ni vigumu kuukosoa mpango kwa takwimu zake kama haukuziweka wazi.

Lakini pigo baya zaidi limewaangukia wahudumu wenyewe. Mmoja wao anaweza kuwa na wagonjwa kati ya 45 na 80 kwa wakati mmoja, na kusikiliza simulizi za huzuni kutwa kucha bila nafasi ya kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 uligundua kuwa takriban thuluthi mbili ya wahudumu wa ngazi ya chini walioulizwa walikuwa na uchovu mkubwa wa kikazi. Isitoshe, wengi waliiona kazi hiyo kama daraja la kuvukia kwenda kwenye uzamifu wa saikolojia, na kliniki zikawa zinafunza watu wanaoondoka punde wakishaiva. Kuanzia Aprili 2022, anayeingia katika mafunzo ya saikolojia yanayolipiwa na serikali hafadhiliwi mengine hadi miaka miwili ipite tangu ahitimu yale ya kwanza. Aidha, wahudumu hao ambao mwanzoni hawakuwa na chombo cha kuwasajili sasa wana sajili zao, zilizofunguliwa mwaka wa 2021.

Norway ilianzisha huduma ya mfano huo mwaka wa 2012, na Australia ikafuata kwa sura yake yenyewe mwaka uliofuatia.

Barani Afrika njia iliyofuatwa ni nyingine, kwani palipo na uhaba wa wahitimu haiwezekani kuanzia na uzamili. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza wanawake wazee kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Waliliita tatizo kwa neno la Kishona, kufungisisa, lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambalo Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana. Jaribio lililofanywa katika zahanati 24 za jiji hilo likiwahusisha wagonjwa 573, na matokeo yake kuchapishwa 2016, lilionyesha waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nchini Kenya, wanawake 421 wa Nairobi, wakazi wa Kangemi, Kawangware na Riruta, wengi wao waliowahi kudhulumiwa na wanaume, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017. Waliohudumiwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa vikao vitano vya mbinu iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani walikuwa na nafuu kuliko wenzao, ingawa tofauti ilikuwa ya wastani. Wahudumu hao hawakuwa na shahada. Walikuwa na wasimamizi.

Mafunzo ya juu yapo humu nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza madaktari bingwa wa maradhi ya akili na wanasaikolojia wa tiba katika kiwango cha uzamili, na chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, hutoa diploma ya juu kwa matabibu na wauguzi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka wa 2014. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Lakini kati ya daktari bingwa, ambaye mara nyingi yuko jijini, na mhudumu wa kijiji aliyefunzwa kwa siku chache, kuna pengo kubwa, na ni pengo lile lile ambalo England ilijaribu kulijaza kwa cheti cha mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba huko serikali ndiyo inayolipa karo na mshahara. Hapa mwanafunzi wa saikolojia kwa kawaida hujitafutia karo, na akihitimu hujitafutia pia kazi.

Vifaa vya kuanzia si ghali. Hojaji ile ya maswali tisa hutumika bila malipo, na toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, matokeo yakachapishwa mwaka wa 2009.

Ugumu ulikuwa katika swali la tisa. Kwa miongo mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai ambalo mtu angeweza kufungwa kwa hadi miaka miwili. Muuguzi aliyeuliza alichofunzwa kuuliza alikuwa, kisheria, akimwomba mgonjwa akiri uhalifu iwapo alikuwa amejaribu, na wagonjwa walijua kunyamaza. Januari 2025, katika kesi iliyowasilishwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa maradhi ya akili, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba.